A Nne Tu Sandukuni: Shajara ya Mradi wa Herufi

Wiki ya 1, Jumatatu

Kazi ya muhula imetoka na ni sentensi moja: tengenezeni bango linalosikika. Spika haziruhusiwi, herufi zenyewe ndizo zipige kelele. Tuna wiki saba. Tufanye kwa vikundi, na kila kikundi kiwe na angalau mtu mmoja asiyesomea ubunifu.

Mwalimu alituonyesha watangulizi wa mchezo huu. Filippo Tommaso Marinetti, Mtaliano, mwaka 1914 alichapisha kitabu kizima cha kujaribu kuandika mlio wa mizinga ya Adrianople, maneno yametapakaa ukurasani kama vigae vya chungu kilichoanguka. Halafu David Carson, Mmarekani aliyekuwa akipanga kurasa za jarida la muziki la Ray Gun. Mwaka 1994 aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti isiyo na herufi hata moja, vinyota na mikasi na vidole vya kuonyesha njia tu. Darasa lilicheka. Nami nilicheka, kisha usiku nikajiuliza: ningefanya hivyo mimi, nani angehangaika kunisoma? Carson alivunja kitu ambacho wasomaji wake walikuwa wamekizoea hadi kukichoka. Kiswahili kwenye mabango makubwa ya jiji hili hakijapata nafasi ya kumchosha mtu.

Kelele yangu nimeshaichagua: steji ya matatu. Mwenzangu ni mshairi kutoka idara ya fasihi, mtu wa Mombasa, asiye na subira na kitu kisichosomeka. Nilipomweleza wazo akauliza, "Sasa hayo yatakuwa maandishi au mafundo ya kamba?"

Tumeanza vizuri.

Wiki ya 1, Alhamisi

Tulienda Pangani, hapa Nairobi, saa tano asubuhi, abiria wakiwa wachache na makanga, wale makondakta wa matatu, wakiwa na muda wa kutuvumilia. Mimi nilirekodi kwa simu, yeye akaandika kwenye daftari. Tuliporudi na kulinganisha, simu yangu ilikuwa imejaa honi. Daftari lake ndilo lililokuwa na maneno.

*Tao mbao, tao mbao, tao mbao.*

Kwa asiye wa Nairobi: tao ni mjini, mbao ni shilingi ishirini. Hakuna kitenzi wala hakihitajiki. Makanga hakuvuta pumzi hadi mara ya tatu, ndipo alipopiga bodi ya gari kofi mbili na dereva akaondoka.

Mshairi alisikia jambo ambalo mimi nisingelisikia. Konsonanti zile makanga anazigusa tu na kuziacha, sauti yote ameiweka kwenye irabu. Taaao mbaaao. A na O ndizo zinazojaza gari.

Wiki ya 2, Jumatano

Kwenye stoo ya chuo kuna sanduku la herufi za mbao, za kuchapia mabango enzi za mashine ya mkono. Mashine yenyewe hakuna anayejua ilikwenda wapi. Herufi zimebaki, kila moja ina urefu wa kiganja, wino wa zamani umekaukia kwenye pembe zake. Mtunza stoo alinitaka nitie sahihi kwenye daftari na kunionya nisizioshe kwa maji.

Nilizipanga sakafuni nikazihesabu. A nne. E tano. O nne. T, M na B tatu tatu. V mbili, Q mbili, X mbili. Ritifaa, ile ya ng', moja tu.

Hapo nikaelewa sanduku hili lilichongewa nani. Herufi za mbao ziliuzwa kwa mafungu, na fungu liliitwa kwa idadi ya A zake, la A tatu, la A nne, nyingine zikifuata kwa kadiri Kiingereza kinavyozitumia. Huko E ndiye bwana. Mashine za Linotype, za kupanga herufi za magazeti, nazo zilipangwa kwa hesabu hiyohiyo, safu za kwanza za vibonye vyake zikisomeka E T A O I N, kisha S H R D L U. Kiswahili kina njaa nyingine. Chukua *haraka haraka haina baraka*: herufi 23, na 11 kati yake ni A. E haimo kabisa. Kwa sanduku hili ningeishia kwenye haraka ya kwanza, nibaki na A moja mkononi na E tano zikinitazama.

Na ng' ndiyo kabisa. Neno kama *kung'ang'ana* linataka ritifaa mbili, mimi ninayo moja. Nilijaribu kugeuza koma kichwa chini, mkia ukatazama upande usio wake. Sasa naelewa kwa nini kwenye bucha nyingi ng'ombe ameandikwa bila ritifaa. Siwatetei, naelewa tu.

*Tao mbao* mara tatu inataka A sita na O sita. Ninazo nne na nne.

Wiki ya 2, bado Jumatano, usiku

V mbili. Q mbili.

V ukiigeuza juu chini unapata A isiyofunga mkanda, jambo ambalo kwenye matatu ni kosa tangu kanuni za waziri Michuki za mwaka 2004. Niliogopa unene utanisaliti. Kwenye herufi hizi V ina mguu mnene kushoto na mwembamba kulia, na A ni kinyume chake, mwembamba kushoto na mnene kulia. Lakini ukizungusha V nusu duara, ule mnene unahamia kulia. Inakaa mahali pa A kana kwamba ilichongewa hapo. Niliigeuza na kuirudisha pale sakafuni kama mtoto aliyepewa kifuniko cha soda.

Q ni O yenye mkia. Tutaona mkia utatusumbua kiasi gani.

Nilimtumia mshairi picha. Jibu lake: "Neno mbao kwa herufi za mbao. Umefanya makusudi?" Sikuwa nimeliona. Nimemjibu ndiyo.

Wiki ya 3, Ijumaa

Chapa peke yake haitoshi. Tunataka na ubao mmoja uliochorwa kwa mkono, wa kuning'inia katikati, nao useme lile neno la makanga akishakuingiza ndani: SONGA MBELE. Wazo langu ni kwamba herufi zibanwe kidogo kidogo kadiri zinavyokwenda, E ya mwisho iwe imebakiwa na nafasi ya abiria wa kusimama. Nilichora kwenye kompyuta, nikavuta na kuminya, nikapinda chache ziegemeane. Nikatoka kutafuta fundi.

Mtu alituelekeza Grogan. Ramani inasema Kirinyaga Road, lakini jina la zamani halijatoka midomoni mwa watu wa gereji. Fundi tuliyempata ni mzee mwenye mikono iliyotulia na shati lenye rangi zote alizowahi kuuza. Anaandika milango ya lori: jina la mwenye gari, uzito wa gari likiwa tupu. Zamani aliandika matatu nzima, ukanda wa manjano na namba za njia na ile 80 KPH ya nyuma. Stika za plota, mashine ya kukata stika, zimemla kazi hiyo. Anachobaki nacho ni pale ambapo stika haishiki, kuta zenye vumbi, mabati ya vibanda, mbao zisizopigwa randa.

"Hii kitu ni nini, kijana?" aliuliza akigeuza karatasi yangu.

Nilimweleza kuhusu majaribio ya herufi. Nikamsimulia hata habari ya Carson na ukurasa usiosomeka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na alilipwa?"

"Alilipwa, mzee."

"Basi si wazimu."

Tukakubaliana shilingi 2,000, plaiwudi juu yangu.

Kabla hatujaondoka nilimtazama akianza mlango wa lori, na nakiri nilijifunza pale kuliko nilivyojifunza muhula mzima wa kwanza. Hapimi kwa rula. Anahesabu. Kila herufi ni abiria mmoja, isipokuwa I, ambaye ni nusu, mtoto wa kupakatwa, na M na W, ambao ni mmoja na nusu, watu wa mizigo. Anajumlisha, anagawa kwa mbili, anatafuta abiria wa katikati na kumkalisha kwanza. Wengine wanapangwa kutoka kwake kwenda pande zote mbili. Uzi wa chaki juu, uzi wa chaki chini, kisha brashi ndefu yenye nywele laini, na fimbo ya kuegemeza kifundo cha mkono ili rangi mbichi isiguswe.

"SONGA MBELE ni ngapi?" nilimjaribu.

Hakutazama karatasi. "Kumi na nusu, na mlango katikati." Mlango ni ile nafasi kati ya maneno mawili.

Wiki ya 4, Jumanne

Nimekasirika, naandika hivyohivyo.

Tulifuata ubao leo. Amezinyoosha. Herufi zote nilizopinda zimesimama wima kama askari wa gwaride, zote upana mmoja, nyekundu yenye kivuli cheusi, safi kabisa, nzuri kabisa, na si kazi yangu hata kidogo. Nilimwuliza kwa nini. Alijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Kijana, hapa napita na wateja. Wakiona nimeandika hivi, watasema siku hizi mzee anakunywa."

Nilijibu kwamba mchoro ulikuwa wangu. Akasema mkono ni wake. Mshairi, ambaye nilidhani angenitetea, alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu akiusoma ubao kwa sauti ya chini, na uso wake ulionyesha kwamba ameupenda.

Wiki ya 4, Alhamisi

Hasira imepungua, na naona nilichokosea. Mimi nikichora herufi iliyolewa napata alama. Yeye akiichora anapoteza bucha mbili na lori moja. Tulikuwa tunaita kitu kimoja "jaribio" huku mmoja wetu tu ndiye akilipia.

Nilirudi peke yangu na chai ya kubeba. Sikuzungumzia kupinda tena. Nilimwuliza: mteja akileta jina refu na ukuta mfupi unafanyaje?

"Nabana. Kubana ni kazi, kupinda ni ajali."

Ndipo akachukua karatasi yangu ya kompyuta, akaweka kidole kwenye E ya mwisho. "Lakini hii hukuibana. Hii umeinyima chakula." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeiminya herufi kwa kuvuta pembe ya kisanduku, na kompyuta ikiminya hivyo hupunguza unene wa mistari ya wima huku ya kulala ikibaki ilivyo. Herufi inatoka na mbavu nje. Yeye akibana hupunguza nafasi ya ndani tu, tumbo la herufi, na unene wa mguu anauacha palepale. Alinichorea E tano kwenye kipande cha boksi, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, na zote zilikuwa na afya.

Mwaka 2016 Adobe, Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja muundo wa fonti zinazoweza kutanuka na kubanwa ndani ya faili moja bila mistari kuharibika. Tulipofundishwa hilo niliona ni maajabu. Bado ni maajabu. Ila nimeona mtu akilifanya juu ya boksi la sabuni, kwa jicho, huku akiniuliza kama chai ina tangawizi.

Ubao wa pili ataandika kwa shilingi 1,000, na plaiwudi tutaigeuza upande wa nyuma.

Wiki ya 5

Mambo ya ada. Sikugusa mradi siku tano.

Nilisoma kidogo tu, kuhusu Saki Mafundikwa, Mzimbabwe aliyeacha kazi New York akarudi Harare na kufungua chuo cha ubunifu cha ZIVA mwishoni mwa miaka ya 1990, na ambaye ameandika juu ya maandishi yaliyobuniwa na Waafrika wenyewe. Nusura nibadilishe mradi mzima nibuni alfabeti yangu. Mshairi alinirudisha: "Alfabeti yako nani ataisoma kule Pangani?" Na kweli. Tatizo la sanduku letu ni dogo na la karibu zaidi. Herufi ni hizihizi, hesabu yake ndiyo ya watu wengine.

Wiki ya 6, Jumapili

Siku ya kuchapa, jikoni kwa mshairi. Hatuna mashine, kwa hiyo: rola, wino mweusi, herufi zimebanwa kwa vipande vya mbao na kamba ndani ya trei ya kuokea, karatasi juu, kisha kusugua kwa mgongo wa mwiko. Karatasi nane za kwanza ziliharibika. T moja ni fupi kuliko wenzake kwa unene wa kadi ya simu, haishiki wino, hadi nikaipachika kadi yenyewe chini yake.

Mpangilio ulitusumbua kuliko wino. Mistari mitatu ya TAO MBAO ilikuwa ikielea tu katikati ya karatasi, haina nyumba. Mshairi akaingia chumbani, akatoka na kanga ya mama yake na kuitandaza mezani. Pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini ndani ya kisanduku chake, herufi kubwa tupu. Pembeni ile chapa ndogo ya *Mali ya Abdulla* ambayo kila nyumba ya Pwani inaijua. "Hawa walishapanga," alisema. "Makanga wako mvalishe kanga."

Pindo tungelitoa wapi? X mbili. Herufi ambayo Kiswahili hakina haja nayo kabisa, ukiichapa mfululizo ubavu kwa ubavu inakuwa msuko, inakuwa ukindu, inakuwa uzio wa seng'enge, kutegemea umesimama wapi. Tulizichapa X zile mbili kwa wino mwekundu kuzunguka karatasi nzima, zikihamishwa kwa mkono, mara 64 kwa kila bango. Kwenye la tatu mkono wangu ulikuwa unatetemeka na inaonekana. Tumeliacha.

Mji ni TAO MBAO mara tatu, A nne zenye mkanda na mbili zisizo nao, O nne na Q mbili. Tumeweka Q zote mstari wa mwisho, pale pumzi ya makanga inapokwisha na gari linaondoka, mkia ukabaki nyuma kama moshi. Hilo halikupangwa. Zilikuwa zimebaki hizo tu.

Wiki ya 6, Jumatatu

Tulipeleka bango moja Pangani. Yuleyule makanga. Tuliliinua bila kusema neno na yeye akalisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini, kwa mdundo wake mwenyewe, na kofi mbili za bodi akaziweka mwishoni. Sikumwona akisita penye V wala penye Q. Nilimwonyesha kwa kidole: hii si O, tazama. Alitazama.

"Ni O imetoka mbio," alisema, akarudi mlangoni kwake.

Mshairi hakusema lolote njia nzima. Nilijua nimeshinda ule ubishi wa mafundo ya kamba, sikumsumbua.

Wiki ya 7, Jumatano

Tumewasilisha. Mabango matatu, na ubao wa SONGA MBELE katikati, upande wa pili, herufi zikizidi kukondeana hadi E ya mwisho, zote wima. Ni bora kuliko mchoro wangu na nimelisema hilo mbele ya darasa.

Maswali yalikuwa machache hadi mmoja wa waliokuwa wakitahini aliposogea karibu na kuinama kwenye pembe ya chini ya ubao. Namba ya simu, kwa herufi ndogo nyeupe. "Hii ni sehemu ya kazi?"

Nilikuwa nimemwuliza fundi aandike jina lake pale. Akacheka. Jina la nini? Mtu akipenda kazi hatafuti jina, anatafuta namba. Ndivyo anavyotia sahihi miaka yote.

Mtahini akasema tangazo la biashara haliruhusiwi kwenye kazi ya mitihani, tufunike kwa karatasi. Fomu ya alama nayo ina nafasi ya jina moja tu, la mwanafunzi. Mshairi mwenyewe amewekwa kwenye mstari ulioandikwa "msaada". Nilibisha, si kwa ustadi. Mwishowe tulifunika namba kwa kipande cha karatasi ya X nyekundu, na fomu nikaijaza kwa majina mawili kwa mwandiko wa kubanwa, pamoja na "fundi wa Grogan" pembezoni, bila kuwanyima chakula.

Alama bado.

Wiki ya 7, Ijumaa

Maonyesho ya wazi kwa wageni. Kile kipande cha karatasi kilianguka kabla ya saa nne. Sikukibandua mimi. Sikukirudisha pia.

Jumamosi, wiki moja baadaye

Fundi alipiga simu saa moja asubuhi. Mama mmoja mwenye hoteli Kariobangi ameona ubao, anataka ukuta wa mbele, na anataka "zile herufi za kusukumana". Mzee alikuwa anatafuta mtu wa kushika uzi wa chaki.

Nimefika na matatu ya saa mbili. Ukuta ni wa samawati, umepigwa rangi jana, bado unanuka. Mama mwenyewe ameniletea chai na mandazi mawili kabla sijajitambulisha, na kwenye karatasi ya daftari ameandika anachotaka: CHAPATI MAHARAGWE.

"Haya, abiria wangapi?" mzee aliuliza, mgongo kwangu, akikoroga rangi.

Nilihesabu kwa vidole. I nusu. M mmoja na nusu, W mmoja na nusu.

"Kumi na sita na nusu, na mlango."

"Katikati ni nani?"

Nilijumlisha mlango, nikagawa, nikapotea, nikaanza upya. Alikuwa ameshapanda ngazi na kuchomeka msumari wa kwanza. Nikampa ncha ya uzi, nikavuta.